Kutu Magotini

Mwanangu Kabula,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya mashauriano marefu na mama yako, ninakutangazia rasmi kwamba leo mchana, ulipokwenda kumuaga bibi, kuku wako wa kishingo aliingia ndani ya sanduku lako la bati, akakalia blauzi nyeupe uliyoihangaikia kwa pasi ya mkaa asubuhi nzima, akataga. Yai ni moja, nalo ni zima. Blauzi si nzima. Mama yako anasema ni baraka. Mimi ninasema ni matunda ya mtu kuacha sanduku wazi. Kuku mwenyewe alipoulizwa hakuwa na la kuongeza. Kikao kimefungwa.

Unaona nilivyoanza. Wewe unanijua: nikiwa na jambo zito, nalizunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Nimekaa kizingitini, jua bado lipo, na daftari hili nimelichana katikati ili mama yako asidhani ninaandika hotuba. Habari za sabuni, za kutoongea na watu usiowajua, za kufunga mlango, sitaziandika. Mama yako ameshazisema zote, na kesho atazisema tena kupitia dirisha la basi, na basi likiondoka atalikimbilia kidogo amalizie.

Mimi nina moja tu. Kesho mjomba wako Luhende atakuwa stendi.

Mama yako alimtumia salamu kule Masumbwe kwa wachuuzi wa ng'ombe, naye akajibu kwamba mtoto wa dada yake hawezi kwenda mbali hivyo bila kumshika mkono. Leo analala Kahama, kwa jamaa yake pale Nyasubi, na alfajiri atapanda gari la Shinyanga. Mimi na yeye hatujaonana tangu ulipokuwa darasa la pili. Tulikwambia alihama kufuata malisho. Si kweli, ng'wana wane, mwanangu. Na sitaki upande basi la kwenda kujifunza magonjwa ya ngano huku umebeba uongo wa ngano kutoka nyumbani kwako mwenyewe. Nataka uujue ukweli kwa mkono wangu kabla hujamtazama yeye usoni.

Basi nianzie mbali kidogo, lakini nitafika.

Wewe unanijua mkulima wa pamba na mtama, na manju mstaafu wa ngoma ambaye sauti yake siku hizi inatumika kufukuzia kwelea shambani. Lakini nilipokuwa kijana nilikwenda Geita mgodini. Nilisukuma magari ya mawe. Dhahabu yenyewe sikuiona hata ya kusimulia. Mgodi ulipofungwa, wenzangu walirudi na baiskeli, mimi nikarudi na kikohozi. Nikaona aibu kukaa nyumbani, nikafuata watu waliokuwa wanakwenda kaskazini, kwenye mashamba makubwa ya ngano, huko huko karibu na unakokwenda wewe. Kazi yangu ilikuwa kukaa juu ya mashine ya kuvunia na kushona midomo ya magunia. Baridi ya kule utaiona mwenyewe. Mimi nilivaa gunia ndani ya koti, na nilipotembea nilisikika kama panya kwenye pamba.

Siku moja asubuhi, mvua ilikuwa imenyesha jana yake, nilikatiza ndani ya ngano kufuata mashine. Nilipotokea upande wa pili nyapara akaanza kucheka. Alikuwa Mmbulu mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko yeye.

"Msukuma! Nani kakupaka hina?"

Nikajitazama. Suruali yangu kuanzia magotini kwenda chini ilikuwa rangi ya tofali lililochomwa.

"Ni vumbi, mzee."

"Vumbi la wapi na ardhi imelowa? Pangusa uone."

Nikapangusa, likabaki mkononi, laini kama poda.

"Hiyo ni kutu," akasema. "Imetoka kwenye ngano, si kwenye ardhi. Hiyo, ndugu yangu, inavuna kabla yetu."

Akavunja bua moja akanionyesha. Ngozi ya bua ilikuwa imepasuka pasuka, na kila mpasuko umejaa unga huo mwekundu. Akaniambia kwamba misimu michache nyuma waliletewa mbegu mpya, mbegu ambayo kutu ilikuwa haiigusi kabisa. Watu wakaitupa mbegu ya zamani kwa furaha. Mlima huu hadi mlima ule, mbegu moja. Ikawa safi, ikawa safi, halafu mwaka ule ikawa hivyo nilivyoiona.

"Kwa hiyo kutu imejifunza?" nikauliza.

Akafikiri. "Sijui kama kutu inajifunza," akasema. "Ninachojua, mbegu haijifunzi."

Maneno hayo yashike, nitayarudia.

Nilipoacha kazi kule nilifagia punje zilizobaki kwenye mabati ya mashine, nikazijaza kwenye soksi, nikarudi nazo nyumbani. Zilikuwa za kila aina, mashine ile ilivuna mashamba mengi: fupi, ndefu, nyekundu, nyeupe, zenye ndevu na zisizo na ndevu. Nikamwoa mama yako. Yeye akazipanda karibu na kisima, msimu baada ya msimu, kama mtu anayepanda maua, na Luhende kaka yake akachota kiganja akapanda kwake mbugani. Hakuna aliyezitegemea. Tulikuwa tunakaanga mbichi tunatafuna.

Halafu ikaja ile miaka ya baada ya vita, unaikumbuka kwa kipande cha sabuni tulichokuwa tunagawana kwa uzi. Dukani kulikuwa na muuzaji, mizani, na rafu. Hapo ndipo alipotokea Bi Mwanaidi wa Ngokolo, yule mama wa maandazi aliyekuwa anakuita "mkwe". Alikuja hadi hapa kijijini nyuma ya baiskeli ya mwanawe, buibui limejaa vumbi, akaniamkia kwa malalamiko.

"Baba Kabula, hali yangu mbaya. Unga wa ngano hakuna, nimejaribu wa muhogo. Andazi limetoka, wallahi, ukimrushia mbwa anakufa. Nasikia mkeo ana ngano kisimani."

"Ni ya kutafuna tu, Bi Mwanaidi."

"Basi panda ya kutafuna wengine. Watu wa mjini nao wana meno."

Hivyo ndivyo kijiji chetu kilivyoanza kulima ngano, Kabula. Hakikufuata mpango wa mtu yeyote, kilifuata andazi. Na mimi, kwa kuwa ndiye niliyewahi kushona magunia kaskazini, nikajipa uprofesa. Kila mavuno nilichagua masuke marefu, yenye ndevu nyeupe, yaliyokomaa siku moja; mengine nikawapa kuku. Baada ya misimu michache nikawa na mbegu safi. Shamba langu lilisimama kama askari wa gwaride. Watu walikuja kulitazama, nami nilikuwa napita pita pale karibu bila sababu, ili nionekane nalo. Kila nyumba ya upande wetu ikaomba mbegu kwangu, nami nikatoa kwa sharti moja: utupe ile ya kuchanganyika.

Luhende peke yake alikataa. Usifikiri alikuwa na hekima iliyojificha. Alikuwa mvivu wa kuchambua, na alisema mwenyewe.

"Shemeji," nikamwambia, "ngano yako ni kama harusi ya walevi. Mmoja kasimama, mwingine kakaa, mwingine kalala."

"Na yako imepanga foleni," akanijibu. "Iulize inasubiri nini, maana sukari haipo."

Tulicheka hadi mama yako akatuletea maziwa ya mgando ili tunyamaze. Huyo ndiye Luhende niliyekuwa naye. Hakuna mtu aliyenichekesha kama yeye, kabla wala baadaye. Ninapoandika hivi naona nimekaa miaka yote hii bila mtu wa kunitukana vizuri.

Sasa ngoma. Huko uendako watakuuliza, kwa hiyo waeleze vizuri. Kwetu pamba ikishauzwa, vyama viwili vya ngoma hukutana uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna mwamuzi. Mwamuzi ni miguu ya watu: wakihamia kwako umeshinda, wakihamia kwa mwenzako utaimbia mbuzi. Mimi nilikuwa manju wa Mlimani. Luhende alikuwa manju wa Mbugani. Kuwa mashemeji hakukuzuia kitu. Uwanjani tulichanana, jioni tulikula pamoja.

Mwaka mmoja nilikuja na baiskeli iliyofungwa kengele kila mahali, nikaiendesha kinyumenyume huku ninaimba. Watu walikimbia kutoka kwa Luhende kama nyumba inaungua. Nikajua nimemaliza kazi. Mwaka uliofuata nikaja na baiskeli ile ile, wimbo ule ule, tabasamu lile lile. Luhende alikuwa na baiskeli mbili na mtu amesimama juu yake akipiga marimba. Mwaka wa tatu nikaongeza kengele. Kengele, Kabula! Niliimbia watoto wadogo na kipofu mmoja, na kipofu naye aliniambia baadaye alikosea njia. Mtu anayeshinda huacha kutazama, na anayeshindwa haondoi macho. Hicho ndicho nilichopaswa kujifunza, na badala yake nikajifunza kuchukia kushindwa.

Utafundishwa kutu kwa majina ya kizungu, nami nafurahi. Lakini nikwambie ninavyoielewa mimi, unisahihishe likizo. Kutu haina akili. Haikai kikao. Ni kwamba zipo nyingi mno, chembe zisizohesabika katika shamba moja, zinapanda upepo kama sisi tunavyopanda lori, na kila kizazi hutokea moja iliyotofautiana kidogo na wenzake. Penye ngano za kila namna, hiyo moja inapata bua hapa, inakosa kule, inabaki maskini. Penye ngano ya namna moja, ikishaingia bua la kwanza imeingia yote. Ni kama manju aliyejua wimbo mmoja tu akakuta uwanja mzima umekuja kuusikia huo huo. Inazaa inavyotaka. Tunasema mbegu imechoka. Mbegu haikuchoka, ilisimama pale pale tulipoiacha, na adui akaendelea kutembea.

Basi mwaka ule ulipokuwa darasa la pili, kutu ilikuja. Mvua za mwisho zilikuwa zimechelewa kuondoka, umande ulikuwa mzito, na ngano ilikuwa inaanza kujaza maziwa. Kwa muda mfupi tu mashamba ya Mlimani, yale ya mbegu yangu safi, yakavaa rangi ya tofali. Masuke yakawa mepesi, ukiyapeta yanaondoka na upepo. Mtu akipita anatoka na miguu myekundu. Wengine walikuwa wameacha mtama wao kwa ajili ya ngano ile.

Shamba la Luhende nalo liliguswa. Lakini ngano yake iliguswa huku ikaachwa kule, na zaidi ya nusu ilisimama kijani, harusi ya walevi inaendelea.

Unafikiri watu walisema nini? Hawakusema, "Twende tukaulize kwa nini ngano ile imepona." Walisema, "Kwa nini ya kwake imepona?" Ni maswali mawili yanayofanana kama mapacha, na moja ni muuaji. Kila mtu anajua manju ana dawa. Dawa ya kuvuta watu, dawa ya kufunga sauti ya mwenzake. Ikaonekana wazi kabisa: Mbugani wametutupia vumbi kabla ya ngoma ili tufike tumechoka na tuna huzuni. Hata watoto walijua.

Nami nikaimba. Wimbo unaujua, umeuimba mwenyewe ukitwanga, na mama yako akakunyamazisha hukujua kwa nini:

*Luhende, Luhende, ulimwaga nini gizani?*
*Mashamba ya watu yamevaa vumbi, la kwako limevaa shuka.*
*Enyi watu, tazameni magoti yake,*
*magoti ya mtu hayafichi alikopita.*

Watu wakatazama. Magoti ya Luhende yalikuwa mekundu. Uwanja mzima ulihamia kwangu kama maji. Huo ndio ule ushindi unaowasimulia wenzako wa shule, mwaka ambao baba aliimaliza Mbugani. Nilibebwa begani hadi nyumbani. Mama yako alikuwa mlangoni. Aliniangalia nikishushwa, akasema, "Umeshinda. Haya, kawale hao watu wako," akaingia ndani. Hakukuwa na ugali.

Hakuna aliyemgusa Luhende. Ninataka ujue hivyo, lakini usije ukaniona mwema kwa hilo. Watu waliacha tu kwenda kwake kuomba moto. Waliacha kumwita kwenye kazi za kulima pamoja. Alipowaamkia wakubwa, "marahaba" ilitoka baada ya kufikiriwa. Mtu anaweza kufa kwa hayo bila kuwa na kidonda.

Baadaye bwana shamba alikuja kutoka mjini, kijana mwenye viatu vya mpira, akaitisha mkutano, akasema ni ugonjwa, unaitwa kutu, unaletwa na upepo, na mbegu ya aina moja ndiyo iliyotuponza. Watu walimsikiliza kwa adabu. Halafu mzee mmoja akanong'ona, "Huyu naye wameshamwahi." Ndipo Luhende akasimama. Hakuwatazama wao, alinigeukia mimi.

"Shemeji," akasema, "wewe umekaa kwenye ngano miaka. Umeviona vitu hivi. Waambie."

Mkutano mzima ukageuka. Nikakohoa kile kikohozi changu cha Geita, nikasema, "Kule kaskazini ilikuwa tofauti kidogo."

Tofauti kidogo! Nimewahi kusema uongo mkubwa zaidi katika maisha yangu, wa kuuza ng'ombe mzee na wa kuchelewa kurudi, lakini hakuna uliofanya kazi kama huo mdogo.

Luhende alikaa. Alipovuna ile nusu yake, akakusanya ng'ombe na watoto, akaelekea magharibi. Asubuhi ya kuondoka alipita kwa dada yake, akampa kibuyu cha ngano ile ya kuchanganyika, akakushika kichwa wewe, akaondoka. Mimi nilikuwa nyuma ya zizi nikitengeneza jembe ambalo halikuwa limeharibika.

Mama yako ameipanda ngano hiyo kisimani hadi leo. Ndiyo ile uliyokuwa unaichezea. Chini kabisa ya sanduku lako, chini ya michembe ya viazi, nimekufungia punje zake kidogo kwenye kibuyu. Usizichambue. Hata ukiona nyingine ni mbaya, na ni mbaya kweli, usizichambue.

Sasa unakumbuka likizo ile uliporudi kutoka sekondari, ukakaa hapa jikoni ukatufundisha? Ulichora bua kwa mkaa sakafuni. "Baba, kutu ya ngano si dawa, ni kuvu. Inaruka kwa upepo. Na inabadilika." Ulikuwa umevimba kwa elimu kama andazi la Bi Mwanaidi enzi za unga mzuri. Mama yako alinitazama. Nami nikainua nyusi nikasema, "Kumbe!"

Ulifurahi sana kwamba umenifundisha. Ukaniambia, "Maskini, baba, mlikuwa hamjui." Kabula, ile "kumbe" yangu imenikaa kooni kuliko wimbo wenyewe. Wimbo nilimwimbia shemeji. "Kumbe" nilikuambia wewe.

Kesho nitamwomba radhi Luhende, kama atashuka kwenye gari lile na asibadili nia akiniona. Sitamvuta pembeni, maana sikumwimba pembeni. Wimbo uliotolewa uwanjani haurudishwi chumbani. Nimetunga mwingine, nimeujaribu mbele ya ng'ombe, hawakukimbia. Watu wa kijijini watakuwepo wengi, wanakuja kukuaga wewe, na wengi wao waliubeba ule wa kwanza midomoni. Kwa hiyo ukiona baba yako anapasua sauti katikati ya wauza karanga na wapiga debe, usijifanye hunijui. Au jifanye, lakini usifunge dirisha. Sijui atapokea au la. Mama yako nilimwuliza, akasema, "Hilo si la kuniuliza mimi, nami nimesubiri mno zamu yangu ya kuombwa radhi." Ndivyo alivyo.

Wimbo huo mpya utasema nilimwonea. Hautasema kwa namna gani, na mpaka hapa nilipofika bado unaweza kunionea huruma. Wewe utasema: baba aliamini kama wengine, akaimba, kisha bwana shamba alipokuja akaona aibu kugeuka. Hata mama yako anadhani hivyo. Mtu mmoja tu duniani anajua sivyo, naye kesho atakushika mkono. Basi nikuandikie ilivyokuwa.

Asubuhi ya siku ya ngoma niliamka kabla ya wengine nikapita shambani kwangu. Umande ulikuwa mzito. Nilikatiza ndani ya ngano ile iliyopanga foleni, na nilipotokea upande wa pili, suruali yangu ya kaki, ile ya ngoma, ilikuwa rangi ya tofali kuanzia magotini. Sikuhitaji bwana shamba. Niliisikia sauti ya yule Mmbulu kama yuko nyuma yangu: Msukuma, nani kakupaka hina? Nilivunja bua, nikaona ngozi iliyopasuka. Nilijua jina lake. Nilijua imekuja na upepo. Nilijua hata kwa nini imetumaliza sisi na kumwacha Luhende: ni kwa sababu ya mbegu yangu safi, niliyoigawa nyumba kwa nyumba, na sharti langu juu.

Wachezaji wangu walikuwa wananisubiri kwenye njia panda. Walikuwa wamekasirika, na wote walikuwa wanasema jina moja. Nilikuwa nimeshindwa miaka miwili mfululizo. Nilikuwa na maneno mawili kinywani, "kutu" na "Luhende", na nilijua ni lipi litakaloleta watu.

Nikawaambia watangulie. Nikaenda kisimani, nikalowesha kitambaa, nikafuta magoti yangu. Nilifuta kwa uangalifu, mguu huu, kisha huu. Halafu nikaenda uwanjani.

Nilipofika kwenye mstari wa wimbo unaotaja magoti, watu walitazama magoti ya Luhende, mekundu, kwa sababu yeye naye asubuhi ile alikuwa amepita kwenye mashamba yetu kututazamia hasara. Yeye hakujitazama. Alinitazama mimi. Kwenye suruali yangu kulikuwa na mabaka mawili ya maji, moja kila goti, hayajakauka. Niliona anayaona. Niliona anaelewa, polepole, kama mtu anayesoma.

Akafungua kinywa. Neno moja tu lingetosha. Uwanja mzima ungenigeukia, na mimi ndiye ningehama.

Kisha macho yake yakashuka, yakakukuta wewe. Ulikuwa umekaa chini mbele yangu, kwenye vumbi, unapiga makofi, unaimba jina lake kwa sauti yako yote kwa sababu baba yako alikuwa analiimba.

Akafunga kinywa. Akainama kwenye ngoma yake, akaendelea kuwapigia wale wachache waliobaki.

Ndivyo nilivyoshinda.

Baba yako,
Machibya